AMENUSA HOJAJI ZANGU!

Wadau, nimetoka ukumbini sasa hivi na siko sawa. Yule msimamizi wetu wa utafiti, mnamjua, Bwana "leteni kesho", amenusa hojaji zangu mbele ya darasa zima.

Wiki tatu nimeshinda ufuoni Dunga, Kisumu, nikihoji wamama wanaouza omena, vile visamaki vya ziwani. Jua limenichoma mpaka kitambulisho changu kinanikana. Kila mama nimemsomea fomu ya ridhaa, nikaifafanua kwa Kijaluo changu cha kuombea maji, nikamwambia ana haki ya kuacha wakati wowote. Wakaacha! Mteja akifika, nani atabaki kujibu swali la 14? Kati ya 60, 17 zikabaki nusu, nami nikaziacha hivyo, maana ni yeye aliyetufundisha kwamba kumjazia mtu majibu ni kupika data.

Leo amezishika kwa vidole viwili, kama nepi. Akanusa. "Hizi zinanuka omena." Kisha akainua za jamaa fulani anayeijua Dunga kwenye ramani: 60 kamili, mwandiko mmoja, kalamu moja, doa la chai palepale. "Huu ndio utafiti!" Turnitin, ile programu ya kunasa wanaonakili, nayo imempitisha, kwani inalinganisha maneno, haiulizi nani alifika ufuoni.

Alinusa, jamani. Mara mbili!

Kiatu Kimoja: Doa la chai ndilo mhojiwa wa 61.

Nyar Nyalenda: Hebu kwanza, hojaji ulizibeba kwenye nini?

Mtafiti Mchovu (mwenye uzi): Begi. Nilikuwa nimenunua na omena kidogo. Hiyo si hoja!

Kiatu Kimoja: 😂😂 Basi mzee amekusanya data kwa pua yake mwenyewe, na hajaipika.

Jirani wa Kondele: Wewe umenuswa tu. Wangu alikalia sura ya kwanza tangu Januari, juzi kairudisha ameongeza koma.

Bwana Risiti: Afadhali koma. Wa saiba amenichapia kurasa 70, shilingi kumi kumi, jalada lina jina la mteja mwingine.

Jirani wa Kondele: Huyo mteja amefaulu lakini?

Nyar Nyalenda: Tuongee ya maana. Omena gorogoro ulipata pesa ngapi? Sokoni Kibuye wanatumaliza.

Mtafiti Mchovu: Watu wangu, ALINUSA!

Nyar Nyalenda: Tumesikia. Pesa ngapi?