Franchaizi ya usafi au nianze na ndoo yangu mwenyewe? Nina dola 17,200 na hofu ya simu

Binti_Moro (Fort Worth, Texas), Jumapili usiku

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa kwenye gari nje ya hospitali, zamu inaanza saa tano, kwa hiyo mnisamehe herufi zikiruka.

Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Fort Worth. Nafanya usafi wa hospitali, wodini na vyumba vya upasuaji, dola 16.50 kwa saa. Kazi yenyewe siionei shaka. Najua kitambaa cha chooni hakivuki mlango kuja mezani, najua dawa ipi lazima iachwe imelowa dakika 10 ndipo ifanye kazi yake (wapo wenzangu wanaopuliza na kufuta hapo hapo, kisha wanatia saini kwamba chumba kiko tayari). Tangu mwaka jana nataka kuifanya kwa jina langu: ofisi na kliniki, jioni watu wakishaondoka.

Jana nilikwenda kwenye kikao hotelini Irving. Kampuni inauza franchaizi za usafi wa maofisi. Kwa wasiojua, unanunua haki ya kufanya kazi chini ya jina lao. Wao wanatafuta wateja na kutuma ankara, wewe unasafisha, kila mwezi wanakata chao. Kifurushi ni 15,500. Natanguliza 9,500, zilizobaki 6,000 wananikopesha wao wenyewe. Wanaahidi wateja wa dola 3,000 kwa mwezi ndani ya siku 120, pamoja na mafunzo, sare, vifaa vya kuanzia na bima. Nikisaini kabla ya Ijumaa wananipunguzia 1,000.

Mume wangu anaendesha lori, alinisikiliza kwa simu akiwa Oklahoma, akasema hela hiyo ninunue vakyumu na dekio nianze mwenyewe. Shemeji yangu anasema nisichezee bahati. Mimi tatizo langu nalijua: kutafuta mteja. Nikipiga simu kwa mtu nisiyemjua sauti inakauka, Kiingereza chote kinakimbia. Hawa wananiambia hiyo sehemu ni yao.

Akiba yangu ni 17,200, na 4,000 ndani yake ni za kikoba, zamu yangu ya kupokea ilikuwa Machi. Aliyewahi kununua hizi kitu aniambie kilichokuwa kinabaki mkononi. Naomba kuwasilisha.

---

Mzee_wa_Garland, Jumatatu asubuhi

Dada, shikilia hiyo pesa kwanza. Mimi ni Mkenya, niko Garland miaka mingi, na nilinunua kitu kama hicho. Jina la kampuni silitaji.

Yangu ilikuwa 14,000, nikatoa 8,000, wakanikopesha 6,000. Niliahidiwa wateja wa 3,000 kwa mwezi na kusema kweli nililetewa: kliniki ya meno Plano usiku tano kwa wiki, shule ya chekechea Frisco usiku tano, na ofisi ya mawakili Denton usiku tatu. Angalia ramani. Garland mpaka Denton ni zaidi ya maili 40, na hapo ndipo walipokuwa na mteja wa kunipa.

Wacha nikuwekee hesabu ya mwezi mmoja, kwa sababu kwenye kikao hawakuwekei. Wateja walilipa 3,000. Mrabaha (malipo ya kutumia jina lao) asilimia 10, 300. "Usimamizi" asilimia 5, 150. Bima kupitia kwao, 180. Mkopo, 240. Dawa na mifuko ya taka, 120. Hundi iliyonifikia: 2,010. Kazi ilikuwa saa 27 na nusu kwa wiki na haikuwezekana kuifanya peke yangu, kwa hivyo nilikuwa na kijana namlipa 13 kwa saa. Yeye alichukua 1,547. Petroli 180. Mimi nikabaki na 283 kwa saa 119. Hiyo ni dola mbili na senti 38 kwa saa, na ile kodi ya kujiajiri ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), asilimia 15.3, bado haijagusa. Kijana wangu alikuwa ananishinda mbali, na ndiye alikuwa ananiita bosi.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Bei hawakupanga kwa kuangalia jasho langu. Mtu wa mauzo wa kampuni alipitia jengo mchana, akataja bei ya chini ili apate saini, akaondoka. Mrabaha wake ni asilimia ya pesa yote inayoingia, si ya faida yangu. Mteja akilipa kidogo, yeye bado anakula. Mimi ndiye nilikuwa na saa za kujaza.

Halafu mteja si wako. Hili ndilo lingenifungua macho kama ningeuliza. Mkataba ulikuwa kati ya kliniki na kampuni. Siku moja kijana alisahau kuwasha kengele ya wizi, daktari akalalamika, kampuni ikampa mtu mwingine ile kliniki. Nikadai mteja wa kuziba pengo. Wakanijibu kwamba ahadi yao walishaitimiza, nimempoteza kwa kosa langu. Mkopo lakini haukupotea. Na nilipotoka, mkataba ulinikataza kumgusa mteja wao yeyote mwaka mzima.

Sasa swali langu kwako. Wamekupa ule waraka wa maelezo ya franchaizi, unaoitwa FDD? Sheria ya FTC (tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia biashara) inasema lazima uwe nao mikononi angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa hata senti. Kikao kilikuwa Jumamosi. Punguzo linaisha Ijumaa. Hesabu mwenyewe.

Ukiupata, usianze na ukurasa wa kwanza. Nenda kipengele cha 20: kuna majina na simu za walionunua, pamoja na waliotoka mwaka uliopita wa hesabu. Wapigie waliotoka. Kipengele cha 3 ni kesi. Cha 19 ni mapato. Kikiwa kitupu, muuzaji haruhusiwi kukutajia kwa mdomo utapata ngapi. Kwangu kilikuwa kitupu, na yule bwana alikuwa ananichorea mapato kwenye kitambaa cha mezani.

---

Fundi_Bukavu (Louisville, Kentucky), Jumatatu mchana

Salama wote. Mzee nimekusikia na siwezi kukukatalia hesabu yako. Lakini mimi nilinunua na sijuti, kwa hiyo niseme upande wangu.

Nilifika Louisville 2014 nikitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Nilikuwa fundi seremala, usafi wa ofisi sikuujua hata kidogo. Sikuwa na historia ya mkopo, hakuna aliyenijua, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuomba maji. Nikanunua kifurushi kidogo cha kuanzia, dola 5,000, mteja mmoja tu, na ule mkopo wao nikaukataa. Walinifundisha kutoa nta ya zamani sakafuni na kupaka mpya, kazi ambayo hapa inalipwa vizuri kuliko kufuta meza. Walinifundisha kwamba klorini na amonia havikutani ndoo moja, hewa yake inaua. Na nilimfuata yule mtu wa mauzo jengo kwa jengo nikimbebea mkoba, nikaona anahesabu nini. Anaanza na vyoo, si futi za mraba. Nilikaa miaka mitatu, nikatoka, nikangoja mwaka wangu wa kukatazwa nikiendesha forklifti.

Kwa hiyo mimi nilinunua shule. Wewe dada unafuta vyumba vya upasuaji. Hiyo shule wanakuuzia ya nini? Ukinunua, unanunua wateja peke yake, na Mzee amekwambia hao wateja ni wa nani.

Kitu kingine, kwa faida ya wengine. Mwaka 2010 jaji wa mahakama ya shirikisho kule Massachusetts aliamua kwamba mhamiaji mmoja aliyenunua franchaizi ya usafi alikuwa mfanyakazi wa kampuni kwa sheria ya jimbo lile, si mfanyabiashara. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya jimbo ikasema mfanyakazi hawezi kutozwa ada ili apewe kazi. Massachusetts si Texas, sheria yao ni kali, msije mkaitegemea Fort Worth. Ila ninyi mnaosoma mkiwa Boston au Worcester, mjue.

---

Mama_Shiro (Arlington), Jumatatu jioni

Nimecheka na hiyo dola mbili na senti 38, pole Mzee.

Mimi nilianza peke yangu, nyumba za watu. Kusajili LLC (kampuni ndogo yenye dhima ya kikomo) Texas ni dola 300. Nambari ya EIN (ya kodi ya biashara) ni bure kwa IRS, ukiona tovuti inakutoza toka mbio. Vakyumu ya kubeba mgongoni, ndoo, vitambaa vya maikrofaiba rangi nne, bima ya mwezi wa kwanza: yote pamoja haikufika 1,500.

Lakini msimdanganye dada kwamba ni mteremko. Mwezi wa pili nilipanguza meza ya jikoni ya marumaru nyeupe kwa siki, vile tulivyozoea kusafisha kila kitu. Siki inakula marumaru. Ilibaki na mabaka kama mtu amemwagia maji ya ndimu akaondoka. Nikakimbilia bima yangu ya dhima, wakanionyesha mstari: kitu chenyewe unachokifanyia kazi hakimo. Ukiangusha televisheni ya pembeni ukipita, hiyo wanalipa. Nililipa 1,100 kwa mafungu. Kwa hivyo ukinunua bima uliza swali hilo moja, na uandikiwe jibu.

Na kodi ya mauzo! Hapa Texas usafi wa majengo na wa nyumba unatozwa, asilimia 6.25 ya jimbo na ya mji mpaka 2, huku kwetu inafika 8.25. Kibali ni bure. Mimi sikujua, mwaka wa kwanza niliitoa mfukoni mwangu kwa sababu sikuwa nimemtoza mteja. Kwenye franchaizi hayo wanakufanyia, nawapa haki yao.

Hiyo ya simu: usipige simu. Mimi pia siwezi. Ingia mlangoni.

---

Mzee_wa_Garland, Jumatatu usiku

Mama Shiro amesema. Nilipotoka nilitembea milango kama 60, Mesquite na Garland, saa kumi na moja jioni, wakati wa mapokezi anafunga na anaona uchafu wa siku nzima mbele yake. Sikujieleza sana. Niliuliza, "Anayesafisha hapa anakuudhi na nini?" Watu hawakuongea, waliimba. Nilipata wateja wawili, wa kwanza kliniki ya meno, 780 kwa mwezi, usiku tatu. Hiyo ankara ninaituma mwenyewe kwa simu, na hundi inakuja ikiwa nzima.

---

Binti_Moro, Alhamisi

Wakuu nimerudi.

Niliwapigia Jumatatu kuomba FDD, maana Jumamosi nilipewa kipeperushi chenye picha ya familia inacheka. Ikaja Jumanne kwa baruapepe. Nikawauliza siku 14 zinaishaje kabla ya Ijumaa. Kimya kidogo, kisha nikaambiwa punguzo "limeongezwa muda". Mume wangu amelifanya neno la nyumbani. Jana nilimwambia aoshe vyombo, akasema limeongezwa muda.

Kipengele cha 19 kitupu. Cha 20 nilipiga simu saba (kuwapigia hawa sauti haikukauka, sijui kwa nini), wanne wakapokea. Mmoja bado yumo na anaridhika, ana wateja sita na wote wako karibu naye. Wawili walitoka kwa sababu ya umbali. Wa nne aliniuliza kama natokea kwa mwanasheria, nilipomwambia hapana akaongea dakika 50.

Sijasaini. Jana nilitoka na sare yangu ya hospitali, nikaingia milango 11 kwenye mtaa wa Hulen. Kumi hakuna kitu. Wa 11 ni kliniki ya macho: futi za mraba 3,200, vyoo vitatu, sakafu ya vigae, usiku tatu kwa wiki. Dada wa mapokezi anataka bei Jumatatu. Nimeandika 850. Fundi, nimejipunja?

---

Fundi_Bukavu, Alhamisi usiku

Umejipunja kidogo. Mimi huhesabu futi 2,500 kwa saa ofisi ya kawaida, hapo ni saa moja na robo hivi. Vyoo vitatu dakika kumi kumi, nusu saa. Taka, vioo vya mlangoni, kufunga. Weka saa mbili. Usiku 13 kwa mwezi, saa 26. Kwa 850 unapata kama 32 na senti kwa saa, inatosha ukiwa peke yako. Siku ukiugua umtume mtu, ukimlipa yeye na petroli, unabaki na nini? Andika 950, na kodi ya Mama Shiro juu yake, kwenye mstari wake peke yake, isionekane imo ndani.

Nenda ukaione tena kabla ya Jumatatu, usiku, taa zikiwa zimewaka. Vigae mchana vinadanganya. Na uliza karatasi za chooni na sabuni ya mikono ananunua nani. Mimi kwa mteja wangu wa kwanza sikuuliza, nikanunua miezi minne.