Nyaraka za programu ya kufungua akaunti za wateja: zimeeleza kila kitufe, zikanyamazia kile kilichoniharibia kazi

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza kwa utaratibu ili anayetaka kunipinga awe na pa kuanzia.

Nilikabidhiwa kazi ya kuwahamisha wateja wa duka la mtandaoni kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Kazi yenyewe si ngeni: unatoa orodha ya wateja katika faili la CSV (jedwali la maandishi yanayotenganishwa kwa koma), unailisha programu inayofungua akaunti, nayo inatuma ombi kwa seva ya duka kwa kila mteja. Programu tuliyoilipia ina nyaraka ndefu zenye picha ya kila kitufe, na nilizisoma zote kabla ya kugusa chochote, jambo ambalo, tusidanganyane, wengi wetu hatulifanyi.

Katika jedwali la vigezo, yaani mipangilio unayoiandikia programu, kuna kimoja cha mwaliko. Maelezo yake yote ni haya: "Hutuma mwaliko kwa mteja. Si lazima." Basi. Nilielewa, kama ambavyo mtu yeyote angeelewa, kwamba nisipokiandika mwaliko hautatumwa. Kumbe kikiachwa wazi, programu inakihesabu kuwa "ndiyo". Usiku ule ule kila mteja aliyekuwemo kwenye faili alipokea barua pepe ya kumtaka aweke nywila mpya katika duka ambalo lilikuwa halijafunguliwa, na kiungo kilichokuwemo kilimpeleka kwenye ukurasa mtupu. Kulipokucha, wapo waliotuandikia wakiuliza kama tumedukuliwa, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu barua isiyotarajiwa inayomhimiza mtu abofye kiungo na kuandika nywila ndiyo sura ya utapeli wenyewe.

"Si lazima" inamwambia msomaji kwamba anaruhusiwa kukiacha kigezo. Haimwambii kitakachotokea akikiacha. Aliyeandika jedwali lile alikuwa na nafasi ya kutosha kueleza kwamba kitufe cha "Hifadhi" kinahifadhi, ila maneno matatu ya kutaja thamani ya msingi, yaani ile programu inayoitumia kigezo kikiachwa wazi, yalimshinda.

Kisha kuna suala la makosa. Programu inarudisha msimbo 200, yaani "imefaulu", hata akaunti inapokataliwa, na sababu ya kukataliwa inafichwa ndani kabisa ya jibu, mahali ambapo nyaraka hazipataji. Misimbo ya HTTP, yaani namba ambazo seva hujibu nazo kila ombi la mtandao, haikuwekwa kwa mapambo: 201 inaeleza kwamba kitu kipya kimeundwa, 409 inaeleza mgongano, kwa mfano barua pepe ambayo tayari ina akaunti, na 429, iliyoingizwa katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 6585 mwaka 2012, inaeleza kwamba mtumaji amezidisha maombi. Faili langu la kumbukumbu za kazi (log) liliandika "imefaulu" kwenye kila mstari. Siku mbili baadaye ndipo nilipogundua kwamba sehemu ya wateja hawamo kabisa, kwa sababu seva ilikuwa imeanza kukataa maombi yaliyokwenda kwa kasi, na hakuna ukurasa hata mmoja unaotaja kikomo cha maombi kwa dakika.

Mfano wa namba ya simu ndio uliniudhi kuliko yote. Katika nyaraka namba inaanza na sifuri, lakini ukiinakili kama ilivyo inakataliwa, maana seva inapokea muundo wa kimataifa wa E.164 pekee, yaani alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe, jumla isiyozidi tarakimu 15. Maana yake ni kwamba aliyeandika mfano huo hakuwahi kuujaribu. Kuhusu nywila za zamani, ambazo kwa kuwa zimehifadhiwa kwa njia isiyorudishika haziwezi kuhamishwa hivi hivi, nyaraka hazina hata sentensi moja.

Nilipowaandikia watoa huduma, nikiwawekea nukuu ya jedwali lao, walinijibu: "Tafadhali rejea nyaraka zetu," na chini wakaweka kiungo cha ukurasa ule ule niliounukuu.

Jana nimeufungua tena. Mbele ya "Si lazima" sasa pameongezwa maneno "thamani ya msingi: ndiyo". Hakuna tarehe ya marekebisho, hakuna orodha ya mabadiliko, na mtoa huduma wa zamu amenieleza, kwa upole sana, kwamba maelezo hayo yalikuwepo siku zote. Bahati nzuri nilikuwa nimeuhifadhi ukurasa wa mwanzo kwenye kompyuta yangu siku nilipoanza kazi. Naambatisha picha zote mbili, na kama kuna mwenzangu aliyehifadhi nakala ya zamani ya nyaraka hizo, naomba aiweke hapa chini kabla hawajafika kwenye ukurasa wa namba za simu.