Naomba ushauri: fataki za harusi turushie wapi hapa Kigoma mjini?

Kaka wa Bibi Harusi:
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa mwisho anaolewa mwezi wa nane. Mjomba wetu wa Dar amemzawadia fataki, maboksi manne ya mirija 49 kila moja, na kijana wa kuzirusha. Mimi nimeachiwa kazi ya kutafuta mahali, na wiki nzima nimezunguka bila kuridhika.

Uwanja wa shule jirani na kwetu Mwanga uko karibu na ukumbi, ila nyumba zimeubana pande zote. Kilimani pangependeza, mji mzima ungeona, lakini juzi jioni nilipanda nikakuta majani yamekauka hadi yanasagika mkononi. Cheche moja tu kilima chote kinawaka. Umebaki ufukwe. Mjomba anasisitiza tuchague usiku wa giza totoro ili rangi zitoke.

Mdogo wangu huyu nimemlea mwenyewe tangu mama afariki. Sitaki siku yake iishie Maweni wodini. Mliowahi kufanya jambo hili, nisaidieni.

Mvuvi wa Katonga:
Ndugu yangu, hongera kwa kumfikisha mdogo wako hapo. Ufukwe ni sawa, ila hilo la giza mwambie mjomba aliache. Usiku wa giza ndio usiku wetu wa dagaa. Simama ufukweni utazame: taa zimejipanga majini utadhani kuna mji. Chini ya kila taa kuna watu, wavu na mashine ya petroli. Fataki ikiangukia huko imeangukia watu.

Pangeni kwenye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu tunapandisha mitumbwi mchangani, tunashona nyavu, ziwa linabaki wazi. Na rangi hazipotei kama mnavyohofia. Mwezi mpevu unachomoza mashariki, nyuma ya vilima, jua likizama. Mkirusha saa mbili usiku watu wakiwa wametazama ziwani, mwezi uko mgongoni kwao, tena bado uko chini. Anga ya upande wa Kongo itakuwa nyeusi ya kutosha.

Halafu upepo. Mwezi wa nane ni msimu wa kusi, unatoka kusini mashariki, na usiku nchi kavu ikipoa hewa nayo inashukia ziwani. Kwa hiyo maboksi yakae ukingoni mwa maji, watu wakae nyuma yake upande wa mjini. Ukiwaweka watu upande unakokwenda moshi, kufikia boksi la pili hawaoni kitu, wanapikicha macho tu. Siku yenyewe saa moja jioni shika konzi ya unga, umwage taratibu mkono ukiwa juu. Unga ukirudi walipo watu, msiwashe.

Kibirizi msiende kabisa. Pale pana madumu ya petroli ya boti.

Fundi Umeme Ujiji:
Mkuu, naongezea la boksi lenyewe. Nilikuwa kwenye harusi moja, boksi limewekwa juu ya sakafu ya saruji bila kizuizi. Mrija wa tatu au wa nne ukalipindua, iliyobaki yote ikafyatukia kwenye viti vya wageni. Shangazi mmoja aliungua bega, kitenge kikagandia ngozi. Mchanga utawasaidia: fukieni kila boksi hadi nusu, mlishindilie pande zote. Mengi yameandikwa ubavuni umbali wa mita 25. Mimi ningeweka 50 na kamba. Lisilowaka lisisogelewe, lisubiriwe, kisha limwagiwe ndoo nzima ya maji. Na kibali cha polisi kitangulie, zimamoto nao wajue.

Mama Wawili, Gungu:
Kaka, mama mkwe wangu alivuka kutoka Burundi mwaka 1993. Mkesha mmoja wa mwaka mpya zilipolia fataki, nilimkuta chini ya kitanda amewakumbatia wajukuu, amewaziba midomo wasilie. Kigoma hii wako wengi kama yeye, wa Burundi na wa Kongo. Naomba sana mtangaze siku mbili kabla, mitaani kwa wajumbe, msikitini na kanisani, na saa mliyoitaja msiivuke. Akijua mapema tunakaa naye ndani, redio juu, anavumilia.

Kaka wa Bibi Harusi:
Dada, nitapita mwenyewe kwa wajumbe wote, na kwako nitakuja kumwamkia mama. Mzee wa Katonga, nimeongea na mjomba, tarehe tunaisogeza hadi mbalamwezi. Kadi zilikuwa bado hazijachapwa.

Mvuvi wa Katonga:
Vizuri. Asubuhi yake leta vijana na magunia, waokote maganda yote kabla jua halijapanda. Giza likirudi wake zetu wanaanika dagaa mchanga huohuo, na vipande vile vya karatasi vikishachanganyika na dagaa havichambuliki.