Kompyuta mpakato ijibadilishie mipangilio ya mtandao: njia ipi inafaa?

Swali
Ndugu wanajukwaa, kompyuta yangu ya Windows 11 naitumia sehemu tatu. Ofisini nachomeka waya, nami nimepewa anwani ya kudumu ya IP (namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao), 192.168.10.45, pamoja na proksi, yaani seva ya kati ambayo kivinjari hupitia kufika intaneti. Kwa mteja pia natumia waya, ila mtandao wao hugawa anwani wenyewe. Nyumbani ni Wi-Fi. Kila nihamapo hulazimika kuandika namba upya, na nikisahau kuzima proksi hakuna ukurasa unaofunguka, ingawa alama ya mtandao inaonyesha kwamba nimeunganishwa. Je, kuna namna ya kompyuta kujirekebisha yenyewe?

Jibu la kwanza
Fungua sifa za IPv4 (aina ya anwani za IP kama hiyo yako) za kadi ya waya, chagua kupata anwani kiotomatiki, kisha kwenye sehemu ya mpangilio mbadala uandike anwani ya ofisini. Kompyuta itaomba anwani kwa seva ya DHCP kwanza, yaani ile inayogawa anwani za IP kiotomatiki, na isipojibiwa itashika uliyoiandika, badala ya kujipa ile inayoanza na 169.254. Wi-Fi usiiguse.

Jibu la pili
Njia hiyo inafaa pale tu ambapo ofisini hakuna DHCP kabisa. Ikiwapo, kompyuta itapewa anwani nyingine na mpangilio mbadala hautatumika. Mimi ningemwomba msimamizi wa mtandao aitenge 192.168.10.45 kwenye seva yake kwa kufuata anwani ya MAC ya kadi yako (namba ya utambulisho ya kadi yenyewe), nawe uiache kompyuta kwenye hali ya kiotomatiki kila mahali. Hapo hakuna kifaa kingine kitakachopewa anwani hiyo na seva. Angalizo: ukichomeka waya kupitia adapta ya USB, kwa kawaida MAC inayohesabika ni ya adapta.

Jibu la tatu
Naunga mkono, lakini hayo hayatatui suala la proksi. Waombe faili la PAC, ambalo ni programu fupi ya JavaScript inayokiambia kivinjari lini kipitie proksi na lini kiende moja kwa moja. Likiwekwa kwenye seva ya ndani, ukiwa nje halitafikika, na kwa kawaida kivinjari kitaendelea bila proksi, pengine baada ya kusitasita kidogo.

Muulizaji
Nashukuru sana. DHCP ipo ofisini, hivyo nitaomba kutengewa anwani pamoja na faili hilo.