Pointi za kuingia chuo tunaambiwa, za kutoka mbona kimya?

Wakuu habari za humu. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa "chuo gani kikali", sijaja kubishana UDSM na Mzumbe na UDOM nani baba lao, nimekuja na hasira zangu tu.

Mdogo wangu kamaliza form six, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kapiga B B C. Kwa NECTA, baraza la mitihani, A ni 1, B 2, C 3, hiyo ni Wani (Division One) ya 7. Ukienda TCU, tume ya vyuo vikuu, hesabu inageuka miguu juu, A inakuwa 5, B 4, C 3, wanachukua masomo mawili, dogo ana 8. Mzee hapo nyumbani mpaka leo haelewi kwa nini kule pointi zikiwa chache ndo sifa na huku zikiwa nyingi ndo sifa, nimempangia vizibo vya soda mezani mara tatu mwisho nikaviacha hapo hapo.

Haya, dogo anataka sheria. Tumefungua kitabu cha TCU, tunaona sifa za kuingilia, pointi za chini, nafasi ngapi, kozi miaka mingapi, basi. Na hiyo pointi ya chini ya jumla ni 4, yani D mbili, wakati kila mtu anajua kozi inayogombaniwa huingii kwa D mbili, foleni ndo inayopandisha pointi. Kwa hiyo hata hicho kidogo tunachoambiwa ni kizingiti cha mlango tu, humu ndani kukoje utajua mwenyewe ukishaingia.

Halafu ndo watu wanatambiana nacho! "Sisi kwetu huingii bila B mbili." Sawa, na hizo B nani kazitafuta? Si mwalimu wa sekondari na tuition na mzazi aliyeuza kiwanja? Mtu akinunua ng'ombe kanona mnadani Pugu, akamfikisha nyumbani bado kanona, tumpigie makofi kwamba anajua kufuga? Mi nataka kumjua yule anayepokea watoto wa shule za kata wenye C na D, anakaa nao miaka mitatu minne na wanatoka wanajua kazi, huyo ndo chuo, na inawezekana kabisa yupo na hatumjui kwa sababu hakuna anayemhesabia.

Mnakumbuka Oktoba 2022 Shule ya Sheria kwa Vitendo, kule mwenye digrii ya sheria anakopita kabla ya kuwa wakili? Watu 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Ishirini na sita! Sapu (kurudia mitihani) 342, disko (kufeli kabisa) 265. Wote hao wana digrii za sheria mkononi, wamevaa joho, wamepigiwa vigelegele na wamepiga picha na bibi. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe, huku mtaani kila mtu akawa anaapa waliofeli sio wa chuo chake. Swali langu tangu siku ile ni moja, wale 265 waliingia chuo gani na pointi ngapi, na wale 26 je? Jedwali la namna hiyo lingekaa kila mwaka pembeni ya pointi za kuingilia, kozi kwa kozi, nisingekuwa hapa naandika.

Nasema kozi kwa kozi kwa makusudi, maana najua kuna mtu atakuja na "mbona walimu wengi wako mtaani". Mwalimu kukosa ajira hiyo ni serikali haijatoa nafasi, chuo hakina kosa hapo. Na msiniletee wahitimu pekee, mkianza na 200 mkamaliza na 120 halafu mkanihesabia wale 120, waliodisko mwaka wa kwanza nao walikuwa watoto wa watu na bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, walikula.

Sasa kilichonichemsha. Nimeenda ofisi ya chuo kimoja cha umma, sikitaji, nikauliza kistaarabu kabisa, walioingia sheria miaka minne iliyopita wamemaliza wangapi? Dada wa mapokezi akaniangalia kama nimeomba funguo za hazina. "Kaka, hizo taarifa unazitaka za nini?" Nikamwambia nina mdogo wangu. "Andika barua." Nikaandika, ikagongwa muhuri IMEPOKELEWA hapo hapo, nikapewa nakala, hii hapa naiangalia, wino ulizidi mpaka tarehe haisomeki vizuri. Wiki ya sita hii. Nikipiga simu naambiwa bosi yuko semina.

Na hizi ni hela zetu jamani! Chuo cha umma, mishahara ya umma, mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, ambao mtoto akija kuajiriwa anakatwa 15% ya mshahara. Ukinunua simu Kariakoo unawashiwa unaiona, unajaribu kamera, unapewa na warranti ya uongo na kweli. Digrii unauziwa ikiwa ndani ya boksi.

Dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Jana usiku tumekaa na dogo, simu ya kwake chaji 9%, kaweka vyuo vitatu. Nikamuuliza cha kwanza umekichaguaje? Kanijibu, "Bro, si kipo karibu na kwa shangazi, nitakuwa naenda kula wikiendi."

Sikuwa na cha kumjibu.