Gumzo la ukoo: Kabla ya safari ya Njombe

Edo: Habari za jioni wana ukoo. Jumamosi alfajiri tunaondoka Dar, gari mbili, Noah yangu na IST ya Neema. Bibi atakaa Noah. Sevisi tayari, oili mpya, breki zimekaguliwa. Tuombeane 🙏🏾

Shangazi Tumaini: Amina. Bibi yenu tangu asubuhi kafunga mzigo, anauliza kwa nini si kesho.

Baba mdogo Aloyce: Kamwene wanangu.

Neema: Kamwene baba mdogo. Shikamoo.

Edo: Shikamoo baba.

Baba mdogo Aloyce: Marahaba. Sevisi nimesikia, nashukuru. Sasa Edo shuka, fungua buti, toa kila kitu weka chini, piga picha utume hapa. Neema na wewe hivyo hivyo. Nataka kuona mnachobeba, maana mama yangu yumo humo.

Edo: [picha]
Jeki, wili spana, spea, kamba ya kuvutia, waya za kubusti, mtungi wa kuzima moto, pembetatu ya kuonya magari.

Baba mdogo Aloyce: Pembetatu naiona moja. Na kikoti cha reflekta sikioni.

Edo: Moja ilivunjika mguu. Vikoti sina baba, nilidhani ni vya bodaboda na mafundi wa barabara.

Baba mdogo Aloyce: Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya jeki, kabla ya spana. Nimeendesha lori barabara hiyo hiyo ya Tunduma karibu maisha yangu yote. Waliokufa kwa sababu gari imeharibika siwajui. Waliokufa kwa sababu gari imeharibika usiku, wao wamechuchumaa pembeni wanafungua nati, na dereva wa nyuma hakuwaona, hao nawajua, na wengine nimesaidia kuwabeba. Lori likiwa mwendo wa 80 linakula mita 22 kila sekunde. Ukiweka pembetatu mita 10 nyuma ya gari, umempa dereva nusu sekunde. Hajainua hata mguu kwenye mafuta. Ipeleke hatua 100 ndefu. Kama umekwamia baada ya kona au baada ya mgongo wa kilima, ipeleke mpaka kabla ya ile kona, aione akiwa bado ana nafasi ya kufanya kitu.

Neema: Hatua 100 usiku natembea peke yangu barabarani?

Baba mdogo Aloyce: Unatembea nje ya lami, uso umeelekea magari yanayokuja, pembetatu umeishika mbele ya kifua ikiangalia magari, tochi mkono wa pili, kikoti mwilini. Kikoti unakivaa ukiwa ndani ya gari, hujashuka. Kwa hiyo hakikai kwenye buti! Kinakaa mfuko wa mlango au chini ya kiti. Kila dereva na chake, na cha ziada kwa atakayesaidia.

Frank: Si tunakata matawi tu baba mdogo? Mbona barabara nzima watu wanaweka matawi na wanaelewana.

Baba mdogo Aloyce: Matawi ni ya asiye na kitu, na mchana yanasaidia, sikatai. Usiku jani halirudishi mwanga. Na ukishaondoka nani anayaondoa? Hili linaniuma sana. Watu wanazuia tairi kwa mawe, wakimaliza wanaingia garini wanaondoka, mawe yanabaki katikati ya lami. Saa mbili baadaye anapita kijana na pikipiki kabeba mke na mtoto. Nawaomba, mkisimamisha kitu barabarani, mtu wa mwisho kupanda gari ndiye anayekagua kuwa mmeondoa chote. Bora mbebe vigogo viwili vya mbao vilivyokatwa mshazari, seremala yeyote atakukatia. Kwenye mlima wa Kitonga sisi utingo alikuwa anashuka na gogo kabla dereva hajaachia breki.

Shangazi Tumaini: Sawa kabisa kaka.

Neema: [picha]
Baba mdogo, spea yangu ndiyo hii. Nyembamba, imeandikwa 80 km/h na 60 psi.

Baba mdogo Aloyce: Hiyo ni spea ya muda, gari nyingi za Japani zinakuja nayo. Upepo wake ni 60 kweli, karibu mara mbili ya matairi yako mengine, na wengi wanaijaza 30 wakidhani ni sawa. Mwendo usizidi 80. Ni ya kukutoa ulipokwama mpaka kwa fundi pancha wa karibu, labda Ruaha Mbuyuni au Ilula. Njombe haikufikishi. Angalia ubavuni kuna herufi DOT na tarakimu nne mwishoni, zinasema nini?

Neema: 0411

Baba mdogo Aloyce: Wiki ya 4, mwaka 2011. Mpira huo umekaa kwenye joto la Dar miaka yote hiyo. Hata kama haujawahi kugusa barabara, umezeeka. Nunua tairi kamili lenye rimu yake hata kama ni la mtumba, lakini soma hizo tarakimu kabla ya kulipa. Edo soma na lako.

Edo: 2320. Upepo 32, nimepima leo.

Baba mdogo Aloyce: Wiki ya 23, 2020. Linafaa. Sasa kesho fanyeni zoezi. Pale pale nyumbani, kwenye sakafu iliyonyooka, kila mmoja afungue tairi moja alirudishe. Handbreki juu, vigogo kwenye tairi la upande wa pili, legeza nati gari ikiwa bado chini, ndipo upandishe. Utajua kama wili spana inaingia kwenye nati zako, maana rimu za kununua mara nyingi zina loki nati, nati ya kuzuia wizi, na funguo yake hubaki kwa mwenye gari wa kwanza. Utajua kama nati zimekazwa kwa mashine kiasi kwamba mkono wako hauzilegezi. Kwa hilo beba bomba la chuma la kuongeza urefu wa spana. Na kipande cha ubao chini ya jeki, mvua zimeanza, udongo wa pembeni ni laini, jeki itazama. Mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata mkono.

Neema: Nitamwomba fundi anisimamie lakini nifungue mwenyewe.

Baba mdogo Aloyce: Hasa.

Scola: Shikamooni wote, nimetoka zamu sasa hivi. Mimi naomba niongelee Bibi. Insulini yake ya kisukari isikae kwenye dashibodi wala kwenye buti, gari ikisimama juani ndani panakuwa tanuri na dawa inaharibika hata kama kwa macho inaonekana sawa. Iwekwe kwenye kibegi cha baridi, na isigusane na barafu moja kwa moja, ikiganda nayo haifai tena. Kibegi akae nacho yeye miguuni. Na kuwe na sukari au juisi karibu naye, siyo kwenye mizigo. Mkikwama kwa muda wa saa nne Mikumi na chakula kimechelewa, sukari yake inaweza kushuka. Akianza kutetemeka, kutoka jasho, kuongea vitu visivyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpeni sukari kwanza, maswali baadaye.

Shangazi Tumaini: Hii nitaishughulikia mimi, nitakaa naye kiti kimoja.

Scola: Asante shangazi. Sanduku la huduma ya kwanza nitawafungia mwenyewe. Yale ya dukani mengi yana plasta ndogo ndogo na pamba. Nitaweka glavu, gozi nyingi, bandeji pana, mkasi unaokata nguo, ORS na paracetamol. Mtu akitoka damu nyingi, kitambaa safi juu ya kidonda, kandamiza kwa nguvu na usiachie. Msifunue kila dakika kuangalia. Damu ikipita, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza. Na mkikuta ajali ya wengine, msimvute majeruhi kumtoa kama hakuna moto wala hatari nyingine. Shingo ndiyo tunayoiogopa.

Frank: Mimi nilitaka kupendekeza dumu la petroli la lita 20 kwenye Noah, kwa dharura.

Baba mdogo Aloyce: Hapana Frank. Hilo halipandi gari analokaa mama yangu. Mvuke wa petroli unajaa ndani ya gari iliyofungwa vioo, cheche moja inatosha. Mtapita Msamvu hapo Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakaenda kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Vituo vya mafuta vipo njia nzima. Jazeni Morogoro, jazeni Iringa. Na mkikuta tenki limelala barabarani, msisogee kuangalia, geuzeni gari.

Frank: Nimeelewa baba mdogo. Nafuta wazo.

Baba mdogo Aloyce: Beba maji badala yake. Dumu moja la kunywa, dumu moja la rejeta, yasichanganywe. Gari ikichemsha pale Kitonga msiguse mfuniko wa rejeta. Maji ya mle ndani yamebanwa, joto lake limepita 100, ukifungua yanaruka usoni. Zima injini, subiri mpaka ule mpira mkubwa wa juu uushike kwa mkono bila kuungua.

Edo: Mtungi wa moto nimeuangalia, mshale uko kwenye nyekundu 😔

Baba mdogo Aloyce: Basi huo ni chuma tu. Badilisha. Chukua wa poda wa kilo 2, ule wa kilo 1 unaisha ndani ya sekunde kama kumi. Fungeni chini ya kiti cha abiria wa mbele. Kwenye picha yako uko chini ya spea, utaufikiaje na mabegi ya Bibi yako juu? Moshi ukitoka kwenye boneti, zima injini, watu wote watoke kwanza, Bibi wa kwanza. Boneti usiinue yote, ukiinua unaupa moto hewa. Inua kidogo pembeni, puliza poda chini moto unapoanzia. Umeshindwa, ondoka, acha iungue. Namba ya Zimamoto ni 114, polisi 112. Ziandikeni kwenye karatasi na namba za bima na za fundi, karatasi ikae na kadi ya gari. Simu huzimika.

Neema: Na tukiharibikiwa ndani ya hifadhi, Mikumi?

Baba mdogo Aloyce: Zile kilomita kama 50 sheria yake ni nyingine. Habari ya kutembea hatua 100 sahau. Taa za hatari ziwake, vioo juu, watu wakae ndani, pigeni simu, simamisheni gari linalopita. Gari la pili likae nyuma yenu likiwasha taa. Ndiyo maana nasema mpite pale mchana.

Edo: Tukitoka Dar saa kumi na moja alfajiri tutapita mapema.

Scola: Waya za kubusti unajua kuzifunga Edo? Mwaka ule harusini mlibishana.

Edo: Nyekundu chanya ya betri iliyokufa, nyekundu chanya ya betri nzima, nyeusi hasi ya betri nzima, nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri.

Baba mdogo Aloyce: Safi. Mbali na betri kwa sababu betri hutoa gesi inayoshika moto, na cheche hutokea pale unapounga wa mwisho.

Shangazi Tumaini: Mablanketi je? Njombe baridi, na mvua.

Baba mdogo Aloyce: Beba dada, manne. Hata aliyeumia anatakiwa afunikwe.

Edo: [picha]
Niko dukani Kariakoo. Mtungi kilo 2, mshale kwenye kijani, tarehe mpya. Pembetatu nne, vikoti sita. Neema, tairi la IST saizi gani, nikupitishie hapa hapa?

Neema: 175/65R14. Kaka soma DOT kabla hujalipa.

Edo: 4123.

Baba mdogo Aloyce: Lipia.