Bei iko tabaka nne ndani: lenzi au update_in?

Mkazi wa Dunga (Kisumu)
Habari zenu wakuu. Naandika programu ya ushirika wa wavuvi. Ushirika una mashua, mashua ina safari, safari ina samaki, samaki ana bei. Bei ya mbuta (sangara) ikipanda nafungua tabaka zote nne na kuzijenga upya kwa mkono, maana data haibadiliki pale ilipo, lazima niunde nakala mpya. Nitumie lenzi (kifaa cha kusoma na kubadilisha sehemu iliyo ndani ya data) au update_in (kitendakazi cha kubadilisha thamani iliyo ndani, ukikipa njia ya kuifikia)? Ijumaa nawaonyesha viongozi.

Fundi Nakuru
Lugha gani, mkuu? Na ni mapu tupu (funguo na thamani zake) au rekodi (yenye sehemu zilizotajwa mapema)? Bila hilo tunabahatisha.

Mkazi wa Dunga
Samahani. Elixir, mapu na orodha. Haskell pia naweza kuhamia, sijafika mbali.

Mwalimu Kakamega
Hamia. Haskell ina maktaba ya lens ya Edward Kmett, ipo tangu 2012. Unaunganisha lenzi kwa nukta hadi kwenye bei, kisha kitendakazi `over` kinabadilisha zote. Ukikosea jina, kompaila (inayokagua programu kabla haijaendeshwa) inakukatalia hapo hapo.

Fundi Nakuru
Mwalimu, kuhama lugha kabla ya Ijumaa ni kumtesa kijana. Lakini kuhusu majina nakuunga mkono. Niliwahi kuandikia wafugaji programu ya maziwa kwa lugha ya Clojure. Bei mpya niliiweka kwa assoc-in, inayoweka thamani ndani ya tabaka, nikaandika `:bie` badala ya `:bei`. Assoc-in haikulalamika, ikaunda ufunguo mpya kimyakimya. Mwezi mzima watu wakalipwa bei ya zamani. Mama mmoja alikuja na daftari lake, akanionyesha mstari kwa mstari, na hesabu yake ndiyo iliyokuwa sahihi. Put_in ya Elixir, ndugu ya update_in, ukiipa orodha ya funguo za mapu inafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo andika `Access.key!(:bei)`, ufunguo usipokuwepo inapiga kelele. Kwenye orodha tumia `Access.all()`, na kuchagua mbuta peke yake `Access.filter`.

Bungoma_77
Kwani tabaka zote hizo za nini? Weka safari kwenye mapu yake, samaki kwenye yake, uziunganishe kwa namba. Tena kunakili kote huko kutakula memori.

Mwalimu Kakamega
Hainakiliwi yote. Njia ya kufikia bei ndiyo inayoundwa upya, mashua ambazo hukuzigusa zinabaki zile zile, toleo la zamani na jipya yanazitumia pamoja. Kuhusu kupunguza tabaka, hapo una hoja.

Mama Samaki
Mimi nauza, siandiki programu. Omena (dagaa) mmeiweka wapi? Sokoni tunapima kwa gorogoro (kopo), si kilo.

Mkazi wa Dunga
Mama, sikuifikiria kabisa! Bei yangu yote ni kwa kilo. Sasa kipimo kikae kwa samaki au kwa safari?

Bungoma_77
Kwa samaki. Na gorogoro ya omena kavu ina uzito gani?

Mama Samaki
Inategemea ilivyokauka, mwanangu.